Dua la Nyuma ya Goli

Jumamosi, 3 Mei

Namba tisa imebanduka tena. Yule kijana akikosa goli anavuta jezi kifuani, utasema jezi ndiyo iliyopaisha mpira. Nimemwambia Kocha safari hii nitaishona kwa uzi wa magunia. Akacheka. "Mtani, ukiishona hivyo hataivua mpaka aoe."

Yeye Mnyamwezi, sisi Wandengereko. Watani. Ana ruhusa ya kunitukana na mimi ninayo ya kumtukana, na hakuna anayenuna.

Tumeshinda mbili kwa moja. Nasema "tumeshinda" kana kwamba nimesoma pale. Mimi ni fundi cherehani, darasa langu liliishia la saba. Lakini chuo cha ualimu kiko hapa Kibiti, timu ya chuo ni yetu, na sisi tunaokaa nyuma ya goli la upande wa mikorosho tunajulikana kuliko wakufunzi. Shaweji na ngoma yake. Mimi na mdomo wangu.

Shaweji alichelewa. Anatoka Mbwera, kule visiwani. Maji yalikupwa, mashua ikakaa kwenye tope mpaka yalipojaa. Kisha Nyamisati, kisha bodaboda, ngoma mgongoni. Kafika kipindi cha pili na hakupiga. Alikaa tu. Mwishowe akaniambia kamsikia mwalimu mmoja gatini Nyamisati akisema Kocha Luhende anahamishwa.

Nikamwambia asituletee habari za gatini. Lakini goli la pili sikuliona. Nilikuwa namtazama Kocha.

Jumatatu, 5 Mei

Kweli. Wametangaza asubuhi mstarini. Kocha anaondoka mwisho wa mwezi, anapelekwa huko huko bara, mkoa wa kwao. Fainali ya vyuo itachezwa hapa hapa Kibiti tarehe 24. Akimaliza hiyo, basi.

Wanachuo watatu wamepita dukani kunieleza. Mmoja analia, amevaa tai.  Nikamkazia kifungo cha shati kilichokuwa kinaning'inia.

Nimeharibu suruali ya mteja. Nimekata mguu mmoja mfupi.

Jumanne, 6 Mei

Tumekwenda chuoni, watu wa nyuma ya goli wote. Mkuu wa chuo yuko safarini. Tumeonana na Makamu. Huyo ndiye aliyetaka mwaka jana geti lifungwe, asiyekuwa mwanachuo asiingie uwanjani. Kocha ndiye aliyemkatalia.

Makamu katujibu hajainua macho. Uhamisho umetoka juu, yeye hana la kufanya. Macho yenyewe mekundu. Nikasema moyoni, ya usingizi wa kwenye gari. Kila wiki huyu yuko Dar na gari la chuo.

Tukatoka. Shaweji anasema serikali ni mwewe na sisi ni kuku. Hakuna wa kumkatia rufaa. Tumesimama pale getini kama watu waliokosa basi.

Nina hasira. Siwezi kuingiza uzi kwenye sindano.

Ngoja niandike kwa nini, maana Bi mdogo wa jirani kaniuliza leo, "Kocha tu, mbona unakonda?" Nikamfyonya. Hapa nitajibu.

Ile miaka tusiyoitaja, ya mauaji, watu wa Kibiti tulikuwa tunafunga milango jua lingali juu. Kaka yangu Seifu alitoka jioni kufuata mafuta ya taa, hakurudi. Hatukujua nani kamchukua. Mpaka leo hatujui. Mambo yalipotulia wengine wakaanza kutoka. Mimi sikutoka. Duka, nyumba, duka. Kisha akaja huyu Mnyamwezi na mafurushi ya vitambaa, anataka namba za jezi. Nikamshonea. Akasema, "Sasa njoo uwanjani uone kama zinasomeka ukiwa mbali. Mimi macho yangu mabovu." Macho yake si mabovu hata kidogo. Nilikwenda. Nikasimama kule kwenye mikorosho. Zilisomeka. Nikakaa mpaka magharibi, mara ya kwanza tangu Seifu.

Hilo ndilo jibu. Na sasa mtu mmoja ofisini kapiga muhuri.

Alhamisi, 8 Mei

Imesomwa.

Wazo lilikuwa langu. Nilisema juzi, palepale getini: kama hatuna wa kumshtakia hapa chini, tushtaki juu. Tusome Albadiri, imshike aliyetudhulumu. Shaweji akasema dua la kuku halimpati mwewe. Nikamwambia basi ondoka kwenye kuku, mimi nabaki.

Maalim hakutaka. Katuuliza mara mbili kama tuna hakika yuko aliyedhulumu. Shaweji ndiye aliyemjibu: "Watu hawajihamishi, Maalim. Wanahamishwa." Sote tukaitika. Mwalimu gani wa serikali amewahi kuhama kwa raha yake?

Baada ya alasiri, barazani kwa Maalim. Ubani, chetezo, mkate wa kumimina. Wanaume mbele, sisi wanawake nyuma ya pazia. Walipofika kwenye nia, Shaweji akaisema: yeyote aliyemng'oa Kocha wetu Kibiti, aonekane.  Mimi sikuona kama inatosha. Nikasema kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti, wote wakasikia: "Na safari yake isifike."

Nilikuwa namfikiria Makamu na gari lake.

Maalim aligeuka kutazama pazia, kisha akaendelea. Majina ya mashujaa wa Badri yanaposomwa mwili unasisimka. Nimerudi nyumbani mwepesi. Nimekula vizuri.

Ijumaa, 9 Mei

Nimelala usingizi mzito. Suruali ya mteja nimeitengeneza upya. Mvua.

Jumapili, 11 Mei

Imemshika! Makamu kateleza bafuni kwake, kavunjika mkono. Wamemfunga hogo, plasta nyeupe mpaka kwenye kiwiko.

Shaweji kapiga simu kutoka Mbwera, mtandao unakatika, anapiga kelele kama yuko kwenye injini ya mashua. "Somoe! Mwewe kaanguka!" Bi mdogo wa jirani kaleta vitumbua. Tumekula tunacheka. Sijacheka hivyo tangu habari ile.

Kocha bado anaondoka. Lakini angalau.

Jumanne, 13 Mei

Mkono mzito kuandika.

Kocha alikuja dukani mchana na trakisuti yake ya zamani, zipu imekufa. Nikampa kigoda. Nikaanza kufumua zipu. Akauliza kama naweza kuweka siri mpaka fainali ipite. Nikamwambia fundi anajua viuno vya mji mzima na hajavitangaza.

Akasema aliomba mwenyewe.

Mama yake yuko kijijini, mbele ya Tabora. Macho yamefunga kabisa. Dada mtu aliyekuwa anamtunza amefariki mwaka jana. Yule bibi anapapasa ukuta kwenda chooni. Kocha ndiye mwana pekee aliyebaki. Ameomba uhamisho, wakamnyima, akaomba tena. Safari hii amepata. Hataki vijana wajue kabla ya fainali, watacheza wanalia. Na hataki sisi tujue kabisa. "Nyie watani mtanililia hapa mpaka nibadili nia, na mama yangu nani atamshika mkono?"

Nilikuwa nimeshika mkasi. Niliuweka chini. Akadhani namhurumia. Kweli nilikuwa namhurumia.

"Yeyote aliyemng'oa Kocha wetu."

Na nani anasafiri? Na safari ya nani isifike? Mdomo huu. Mdomo huu!

Zipu nimeibadilisha. Alitaka kulipa, nikamfukuza.

Jumatano, 14 Mei

Nimekwenda kwa Maalim asubuhi. Sikutaja jina, nimeahidi. Nikamuuliza tu, ikiwa aliyesomewa hana kosa, inakuwaje? Inarudishwaje?

Akanitazama muda mrefu. Nadhani alielewa. Akasema dua si mpira, huwezi kukimbilia ukaudaka kabla haujavuka mstari. Nikaanza kulia. Akasema, "Binti yangu, Mungu hatumwi. Nyie mmemwambia, Yeye anajua. Sasa omba kheri, na funga mdomo wako." Atasoma dua la salama, peke yake, bila kumwambia mtu.

Ningependa aniambie "imefutika". Hakusema.

Shaweji alisema dua la kuku halimpati mwewe, nikambishia. Leo naomba kwa moyo wangu wote niwe kuku.

Alhamisi, 15 Mei

Makamu amekuja dukani. Mwenyewe, na mashati manne chini ya kwapa. Mikono ya kulia haipiti kwenye hogo. Anataka niifumue, nimwekee vifungo pembeni.

Sikuweza kumtazama. Nampima, yeye anaongea, maana Kocha kamwambia nami najua. Kumbe mwaka jana geti lilikuwa agizo la ukaguzi, si lake. Kumbe aliposikia Kocha anaomba kuondoka alikwenda nyumbani kwake kumbembeleza, mara tatu, akashindwa. "Nililia, Fundi. Siku ile mlipokuja nilikuwa nimetoka kulia. Mwenzenu pale chuoni sina rafiki mwingine."

Macho mekundu. Ya usingizi, nilisema.

Nimefumua mashati yote manne leo leo. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema. Mimi nimechimba, wanaingia wengine.

Jumamosi, 17 Mei

Kocha hakuja mazoezini. Kocha! Hajawahi kukosa hata siku ya mafuriko. Malaria. Amelazwa kituo cha afya, ametundikiwa dripu.

Nimekwenda na uji. Amelala, midomo imekauka, trakisuti yenye zipu yangu imekunjwa chini ya kichwa. Mkewe, Mama Neema, anampepea na kipande cha boksi. Kafungua macho, kaniona. "Mtani, umekuja kuchukua vyombo?" Maana mtani ana haki ya kubeba vitu vya mtani wake akifa. Mama Neema alicheka. Mimi nilitoka nje nikashika ukuta.

Malaria iko kila nyumba msimu huu. Najiambia hivyo. Watoto wa jirani wote wawili wanaumwa. Malaria haijui kusoma.

Jumapili, 18 Mei

Ugomvi. Shaweji kavuka leo kwa ajili ya Kocha, kaleta kamba wakavu na hasira. Anasema Makamu amejibu mapigo, kamroga Kocha. Anataka tusome tena, na safari hii jina litajwe.

Nikakataa. Wakaniuliza sababu. Sina sababu ninayoweza kuitoa. Nikapiga kelele tu. Shaweji akasema, "Mashati ya Makamu umeyashona weye. Kakupa nini?" Mbele ya watu wote. Huyu tumekaa naye nyuma ya goli misimu yote, kiatu changu kikikatika ananipa chake.

Nikawaambia wakisoma tena, mimi nachoma duka langu. Maneno ya kijinga. Lakini yalifanya kazi, waliogopa uso wangu. Wameondoka bila kuniaga.

Nimeahidi siri. Naijutia ahadi, naijutia dua, naujutia ulimi. Vyote vimekwisha kutoka mdomoni.

Jumatano, 21 Mei

Kocha ameruhusiwa. Amekonda. Hakuna anayekuja dukani kupiga soga. Nashona namba tisa, kwa uzi wa magunia kweli.

Jumamosi, 24 Mei

Uwanja umejaa mpaka kwenye mikorosho watu wamepanda. Kutoka Nyamisati, kutoka Mbwera, kutoka wapi sijui. Shaweji kapiga ngoma lakini alikaa mbali nami. Makamu alikaa peke yake kwenye benchi la wageni na hogo lake, shati langu limemkaa vizuri. Nyuma ya goli watu walikuwa wanamtupia maneno. Nikanyamaza. Hilo litaniuma muda mrefu.

Kocha aliletewa kiti. Hajawahi kukaa, huyu hutembea mstarini mechi nzima. Leo alikaa, amejifunika kitenge cha mkewe mabegani kwenye jua. Kila akijaribu kuinuka Mama Neema anamgusa bega.

Sare, bila goli. Penalti. Namba tisa akapiga ya mwisho. Juu. Juu kabisa, mpira ukaingia mikoroshoni. Akavuta jezi. Namba haikubanduka.

Tumefungwa. Kocha akainuka, akaenda kumkumbatia yule kijana, na kitenge kikaanguka kwenye tope. Walisimama pale mpaka wale wengine wakamaliza kushangilia.

Kisha wakampa kipaza sauti. Aliwashukuru vijana. Aliwashukuru watu wa nyuma ya goli. Akasema kuna jambo amewaficha, na hataki kuondoka na uongo. Hakuhamishwa. Aliomba mwenyewe. Akaeleza habari ya mama yake, kwa ufupi, sauti imekauka. Akasema kama kuna mtu anamlaumu mwingine yeyote, amwache, amlaumu yeye. "Mimi ndiye niliyejing'oa."

Alitumia neno hilo hilo.

Mimi nilikuwa nimeshajua. Nilikuwa nawatazama wenzangu. Nimeona ikiwaingia mmoja mmoja. Shaweji aliweka ngoma chini, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Watu wengine wa uwanja wanalia kwa sababu Kocha anaondoka. Sisi tulikuwa hatulii. Tulikuwa tunaogopa.

Jumapili, 25 Mei

Shaweji kaja dukani. Hakurudi Mbwera jana. Kakaa kwenye kigoda kile kile.

"Ulijua."

"Nilijua."

Akatikisa kichwa. Hakuomba radhi na mimi sikuitaka. Kisha akasema, "Tumemsomea mtani wetu." Nikaendelea kukanyaga cherehani, hamna nguo chini ya sindano.

Ameuliza kama tumwambie. Nani amwambie? Yeye hawezi. Bi mdogo wa jirani hawezi. Wote wanasema aliyeongeza lile la safari ni mimi. Kweli, ni mimi.

Nimekaa nawaza kwa nini niliongeza. Nadhani najua. Seifu alipopotea sikumsomea mtu. Niliogopa, tena sikujua nimtaje nani. Hasira ile ilikaa. Safari hii nilitaka awepo mtu. Mtu yeyote mwenye ofisi na gari. Kumbe hayupo. Kuna bibi kipofu anapapasa ukuta, na mwanawe anamfuata. Basi. Hakuna wa kumkasirikia, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kufungwa, kuliko hata kuondoka kwake.

Jumatano, 28 Mei

Mvua mchana kutwa. Kesho. Nimemshonea mama yake gauni la kitenge, kwa kukisia. Nimeweka mifuko miwili mikubwa mbele, aipate kwa mikono.

Alhamisi, 29 Mei

Fuso la mizigo lilikuwa getini tangu asubuhi. Kitanda, magodoro, baiskeli ya Neema, kuku wawili kwenye tenga. Watu wa nyuma ya goli wote tulikuwepo, tumesimama kando. Wenzangu wananisukuma kwa macho.

Nikamvuta Kocha nyuma ya lori. Nikampa gauni. Nikamwambia. Yote, haraka, kama kumeza dawa chungu. Albadiri, nia, pazia, "na safari yake isifike." Na kwamba tulidhani ni Makamu.

Alinitazama. Kisha akaanza kucheka, mpaka akashika ubavu wa lori, bado hana nguvu. "Mtani! Kila siku nawaambia wale vijana: tazama kwanza jezi ndipo utoe pasi. Kumbe na nyie nyuma ya goli hamnisikii!" Akajifuta machozi. Akasema yeye ana Mungu wake, mimi nina wangu, na kwa mahesabu yake ni yule yule, na hawezi kumwangusha mtu anayekwenda kwa mama yake. Nilipumua. Nilipumua kweli, kwa mara ya kwanza tangu siku ya zipu.

Wakapanda. Mama Neema na mtoto mbele, Kocha dirishani. Dereva akatia gia. Fuso likasogea hatua chache, likazama. Hapo hapo getini. Matairi ya nyuma yakazunguka, tope likaruka, likazama zaidi. Injini ikazimika.

 Nikamtazama Kocha dirishani. Hakuwa anacheka tena. Alinitazama mimi, moja kwa moja, na nikaona kuwa anaogopa kidogo. Mwanaume mzima, na Mungu wake.

Sijui nani alianza. Nadhani ni mimi. Nilivua viatu nikaingia kwenye tope nikaweka mikono kwenye lile bodi. Shaweji akavua shati akaja. Kisha wote. Watu ambao mwanzo wa mwezi wangelala barabarani lori lisipite, leo wanalisukuma. Wanachuo wakakata matawi ya mikorosho wakayatia chini ya matairi. Makamu akaja na mkono wake mmoja, akaweka bega karibu na langu. Hakuna aliyemtupia neno. Kocha akashuka, tukamkataza, akasukuma hata hivyo.

Nilikuwa napiga kelele. "Nenda! Nenda! Nenda!" Wageni waliokuwa wanapita barabarani walidhani tunamfukuza mwizi. Kocha akageuka, uso wote tope. "Mtani, ndiyo mnanifukuza hivi?" Nikamwambia ndiyo, ondoka, usirudi kutazama nyuma. Nilikuwa nalia na kamasi.

Likatoka. Lilitoka ghafla, nusu yetu tukaanguka kifudifudi. Kocha akalikimbilia akadandia. Tulipoinuka lilikuwa limeshashika lami, mkono wake uko nje ya dirisha. Kisha hata mkono sikuuona.

Shaweji alikuwa hajapiga ngoma. Aliisahau juu ya ukuta, mvua imeilowesha ngozi.

Ijumaa, 30 Mei

Hakuna habari. Nimepiga mara nyingi. Yule mwanamke wa kwenye simu anasema namba haipatikani, kwa upole, kila mara kama ni mara ya kwanza.

Shaweji kapiga kutoka Mbwera. "Kafika?" Sijui. Bi mdogo wa jirani kaja mlangoni, hakuuliza, katazama simu tu. Makamu katuma mwanachuo aulize. Maalim, nimesikia, aliomba msikitini watu wamwombee msafiri. Hakusema nani wala kwa nini. Watu waliitika amina, wengine kwa nguvu kuliko kawaida.

Sijashona kitu. Nimekaa na simu mapajani.

Jumamosi, 31 Mei

Asubuhi, wakati naanua nguo. Ujumbe. Nauandika ulivyo:

"Tumefika. Simu ililowa jana. Mama kanipapasa uso wote, anasema nimekonda. Nimemwambia watani wangu wananinyima samaki. Gauni limempwaya lakini hataki kulivua, mikono iko mifukoni tangu jana. Asante mtani."

Nimeusoma nimesimama. Nikautuma kwa Shaweji, kwa Makamu, kwa wote. Kisha nikaanua nguo zilizobaki.

Jioni nimekwenda uwanjani. Sikutaka kwenda. Kocha mpya bado hajaletwa na hakuna anayejua ataletwa lini. Geti lilikuwa wazi. Vijana wako wachache, wanapigiana pasi, hakuna wa kuwapigia filimbi. Kiti alichokalia siku ya fainali kipo pale pale mstarini, hakuna aliyekiondoa.

Shaweji hakuja. Anasema ngozi ya ngoma haijakauka. Nyuma ya goli nilikuwa peke yangu. Sikukaa. Nilikwenda kusimama kule mbali, kwenye mikorosho, pale aliponisimamisha siku ile ya kwanza.

Saba inasomeka. Kumi na moja inasomeka. Tisa inasomeka.

Nikakaa chini, nikawatazama mpaka magharibi.